Kabla Hamjasambaza Zaidi: Sikuwa Uchi, Nilikuwa na Bukta

Naomba tuanze na hili, maana tangu Jumamosi jioni simu yangu haijapumzika: sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta. Ya bluu, lastiki nzima. Yule rafiki yangu aliyejirekodi sauti ya dakika 4 na sekunde 12, akaitupa kwenye grupu la mtaa, akaitupa kwenye grupu la kikoba, kisha kwenye lile la kamati ya harusi iliyokwisha tangu mwaka juzi ila watu mnaona aibu kutoka, amesema nilikuwa "kama nilivyozaliwa". Mwongo. Mimi nilizaliwa Dodoma, usiku, na hakukuwa na kwaya.

Msiomfahamu, tumwite Msemaji. Nusu ya mtumbwi ni yake na nusu ni yangu, lakini kwenye ile sauti nusu yake haitajwi mahali popote. Utadhani nilitoka ziwani peke yangu kama Yona.

Basi leo nasema mwenyewe. Nyonga ya kulia bado inauma, naandika nimekalia mto, ila kama ni kuchekwa, nichekwe kwa habari kamili.

Mwanza mnajua Juni yetu ilivyo. Mvua imeshaaga, vumbi limeshika zamu, asubuhi sweta, mchana jua la kukaangia yai juu ya jiwe. Na jiwe lipo, maana sisi wa milimani Kitangiri hatuondoi mawe, tunajenga kwa kuyaomba radhi. Letu liko nyuma ya jiko, kubwa kuliko jiko. Mama Dani anaanika juu yake dagaa, mihogo na shuka, kwa zamu, na ukikosea zamu unalala unanuka kitoweo. Ukikaa barazani kwetu unaliona ziwa lote linameta mpaka macho yanachoka. Ukifungua bomba linakohoa mara mbili, linatoa upepo, linanyamaza. Tunanunua maji kwa dumu huku tukiyatazama ya bure kule chini.

Shule zimefungwa, kwa hiyo Dani yuko nyumbani. Dani ni wangu, yuko darasa la pili, na mwalimu wake aliagiza kwamba likizo hii mtoto asome kwa sauti kila maandishi anayoyaona. Mwalimu yule sijui nilimkosea nini. Dani anasoma pakiti ya chumvi. Anasoma mfuko wa unga. Anasoma ubavu wa daladala mpaka konda anakasirika. Juzi wageni wamekaa sebuleni, wanakunywa chai, yeye kasimama katikati na boksi alilolitoa kabatini: "Da-wa ya mi-nyo-o. Ya ba-ba." Hilo la "ya baba" halikuandikwa. Aliongeza mwenyewe.

Likumbukeni hili la kusoma. Litarudi.

Sasa mtumbwi. Miezi mitatu iliyopita mimi na Msemaji tulichanga tukanunua mtumbwi wa mbao wenye tanga kutoka kwa mzee mmoja wa Ukerewe aliyechoka na uvuvi. Uko Igombe, kule mbele ya uwanja wa ndege. Ubavuni umeandikwa MUNGU ANAJUA, rangi nyeupe, na herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikapanda juu. Mzee alitupa somo moja tu, akiwa anahesabu hela: "Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unakupeleka. Mchana unageuka, unatoka ziwani, unakurudisha. Wewe huendi popote, unapelekwa na kurudishwa. Ukiwa na akili utarudi haujakomaa." Nikaitikia kama niliyeelewa. Mtu wa Dodoma, ziwa nililokulia nalo lilikuwa lambo la ng'ombe, na hata lile nilikuwa naingia mpaka magotini.

Lakini wiki mbili baadaye mngenisikia! Mlingoti, foromali (ule mti wa kufungia tanga), demani (kamba ya kulivutia tanga), goshi (upande unakotoka upepo), yote mdomoni. Nyumbani kamba ya kuanikia nguo nikaiita demani. Mgeni akiingia namwambia kaa goshini, naye anabaki amesimama. Mama Dani siku moja akaniambia, "Baba Dani, nahodha wa nchi kavu, nenda goshini ukaniletee mkaa." Nikaenda.

Wiki iliyopita tanga lilianza kuachia. Ni tanga la viroba vya unga vilivyoungwaungwa na kipande cha turubai, na mshono wa katikati ulikuwa umeanza kucheka. Mtu mwenye akili angempelekea fundi wa matanga pale pale Igombe. Mimi nikalibeba kwenye daladala mpaka nyumbani, nikalitandaza sebuleni, nikalipitisha kwenye cherehani ya mke wangu ambayo hushonea sare za shule. Nilivunja sindano mbili. Nilimaliza. Nilitumia uzi wa sare. Mshono ulinyooka mpaka nikaupiga picha, wengine mlinipa na vidole gumba. Vidole gumba vile sasa nivirudishe kwa nani?

Haya, Ijumaa.

Mama mkwe wangu ni Msabato wa kweli kweli, shemasi, na Jumamosi kanisani kwao palikuwa na ubatizo. Watu 17. Miongoni mwao shemeji yangu mdogo. Tulialikwa familia nzima tangu mwezi wa nne. Na Jumamosi hiyo hiyo mimi na Msemaji tulishapanga kwenda na mtumbwi mpaka kwenye lile jiwe la mnandi, wale ndege wala samaki, tuchome samaki, tupumzike kama watu wenye hela.

Hapa lazima nieleze kuhusu mimi na mama mkwe. Miaka kumi ya ndoa sijamtazama machoni. Siyo ugomvi, ni adabu. Akiingia sebuleni ninakumbuka kitu cha kufanya nje. Akinisalimu naitikia nikiwa naangalia kandambili zangu. Ni mkwe, jamani. Kwetu mkwe hupishani naye hata kwenye korido bila kugeukia ukuta. Kwa hiyo Ijumaa mchana alipokuja kumchukua binti yake ili wawahi kabla Sabato haijaingia, mimi nilikuwa kitandani, nimejifunika mpaka kidevuni, nashikilia tumbo.

"Tumbo," alisema mama Dani mlangoni, kwa ile sauti ya mtu anayejua anachokisema.

"Pole, mwanangu," alisema mama mkwe kutoka koridoni. Hakuingia, naye ana adabu zake. "Kesho tutakuombea."

Nikalia kidogo. Kwa sauti. Nilifikiri inaongeza uzito.

Wakaamua Dani abaki amtazame baba yake. Wakaondoka. Kwenye kiti sebuleni mama mkwe aliacha kifurushi kimefungwa kwenye gazeti, zawadi ya binti yake, ambayo kwa haraka ya kuondoka hakuifungua. Nilisikia tu mlango ukifungwa. Dakika tatu baadaye tumbo lilipona.

Alfajiri niliamka nikakaanga mihogo, nikaijaza kwenye hotipoti. Hotipoti yetu mfuniko haushiki, lazima ifungwe na kitu. Taa hakuna, umeme umekatika. Nikapapasa kitini, mkono ukagusa gazeti, nikalichana, ndani kuna kitambaa kizuri, kipya, kinanukia duka. Nikafungia hotipoti. Hivyo tu, wala sikufikiri mara mbili. Kanga ni kanga.

Igombe asubuhi ni kitu kingine. Mitumbwi ya dagaa inaingia mmoja mmoja, watu wametoka usiku kucha na taa, sauti zimekauka. Akina mama wanamwaga dagaa mchangani, wanawasambaza kwa mikono kama wanapiga pasi, na jua likipanda ufuo mzima unakuwa wa fedha. Upepo wa nchi kavu ulikuwa mwembamba, wa adabu. Dani nikamvika laifujaketi ya kuazima iliyomfika masikioni. Tukafungua tanga, mshono wangu ukakaa imara, na MUNGU ANAJUA akaondoka kama anayejua kweli. Nilimwangalia Msemaji. Msemaji aliniangalia. Tulijiona wanaume.

Kasia lilikuwa moja. Kwa nini moja? Kwa sababu lingine Msemaji aliliazimisha msibani likasongee ugali, na kabla halijarudi msiba mwingine ukaanza jirani. Hilo pia kwenye ile sauti halimo.

Kwenye jiwe tulifika, tukachoma samaki, tukala mihogo, tukajinyoosha kivulini. "Dakika kumi," nilisema. Nilipofungua macho mnandi wote walikuwa wameelekea upande mmoja, manyoya yamesimama, na ziwa limebadilika rangi. Saa nane kasoro. Upepo ulikuwa umeshageuka, na umekomaa mpaka na ndevu.

Tulisukuma. Tulipanda. Tulipandisha tanga. Dakika tano za kwanza ule mwendo sijawahi kuuona, maji yanaruka pembeni, Dani anapiga kelele za furaha. Nikamwambia Msemaji, unaona mshono wangu?

Traaaaa.

Kutoka juu mpaka chini. Uzi wa sare za shule. Kiroba kimoja kilikwenda na upepo kikiwa bado kinaonyesha picha ya mahindi, vingine vikafuata, na kamba zilizolishika tanga kwenye foromali zikaenda navyo. Tukabaki na mlingoti, foromali tupu, na kasia moja dhidi ya ziwa. Mtumbwi ukaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi. Huo ndio ubavu wasioutaka. Hata mtu wa Dodoma anaujua.

Hapo, na hili naomba mnipe, nilifikiri vizuri. Nilichukua ile kanga ya hotipoti. Ilikuwa doti nzima, haijakatwa, vipande viwili vimeshikana, karibu mita tatu. Tulihitaji kamba za kuifungia kwenye foromali. Nilitoa mshipi wa suruali. Nikatoa kamba za viatu. Msemaji akatoa ukanda wa begi. Tukaifunga kwa urefu wake, tukaipandisha, ikashika upepo ikatuna, rangi ya ugoro na maua makubwa ya korosho, na mtumbwi ukanyooka ukaelekea nchi kavu. Dani nilimkalisha omoni, mbele kabisa, mgongo ufukweni, uso kwetu, ili nimwone.

Zingatieni mpangilio. Dani yuko mbele ya kanga. Mimi niko tezi, nyuma yake. Kanga imechapwa upande mmoja. Upande niliouona mimi maandishi yalikuwa kinyumenyume kama ya mbele ya gari la wagonjwa. Nikaona tu kuna maneno. Sikuyajali. Kila kanga ina maneno.

Suruali ile ni ya enzi nilipokuwa na kitambi. Bila mshipi haina mkataba na mimi. Kwa hiyo mkono mmoja ulishika demani, mwingine ukashika kiuno, na kasia nikalibana kwapani. Tulikuwa tunakwenda tunakopelekwa.

Sasa hapa naomba twende polepole, maana ndipo Msemaji alipokimbia.

Mita mia hivi kutoka ufukweni nilisikia muziki. "Unasikia?" nikamuuliza. Akatega sikio. "Baa," akasema. Nikasikiliza tena. Baa gani inaimba sauti nne?

Mita sitini niliona majoho. Meupe, yamepangwa mstari kuingia majini, na mbele yao mwanamume mwenye joho jeusi, maji yamemfika kifuani, kainua mkono. Nyuma yao, mchangani, watu kama mia mbili na miavuli. Akili yangu ilikataa kwa muda. Mama mkwe alisema ubatizo utakuwa ziwani. Hakusema ziwani wapi, nami mgonjwa ningeulizaje? Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Nchi tatu zimeligawana na bado linabaki. Ndani ya hizo zote, upepo ukachagua zile mita nne alizosimama mchungaji.

Nilijaribu kugeuza. Kugeuza kunataka kasia. Kasia linataka mkono. Mikono ni miwili, kazi ni tatu: demani, kasia, suruali. Nilizipanga kichwani kwa umuhimu, na kila nilipozipanga suruali ilikuwa inapanda ngazi, maana nilianza kutambua sura.

Mita arobaini Msemaji alinishika bega. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeaga. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nina familia." Akashuka majini taratibu kama anayeshuka kwenye daladala, akaogelea kuelekea matete. Hakurusha hata tone. Aliniacha na mtoto wangu, hotipoti na doti.

Nikawaona. Mama Dani kasimama pembeni ya maji, naye shemeji yangu, ambaye kumbe ndiye alikuwa zamu, yuko mikononi mwa mchungaji, kashabana pua. Na kando yao mama mkwe, kitambaa cheupe kichwani, taulo mkononi tayari kumpokea binti yake.

Kwaya ikanyamaza. Wakati wa kubatiza wananyamaza ili maneno yasikike. Upepo nao, siwezi kuulaumu, ulitulia kidogo, kiasi cha kuinyoosha ile kanga kama ubao wa darasani. Mchungaji akasema kwa sauti nzuri, ya kina, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la..."

"Ni," alisema Dani.

Moyo wangu ulijua kabla yangu.

"Ni. Li. Ku."

Maji ya ziwa yakitulia yanabeba sauti kuliko spika yoyote. Mchungaji aligeuza shingo, mkono bado uko juu.

"Dha. Ni. Nilikudhani." Akatulia, akavuta pumzi, akafuata kwa kidole hewani. "Dha. Ha. Bu."

Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo. Lakini nina aibu ya kusema kwamba na mimi nilitaka kujua linaishaje. Na siyo mimi peke yangu. Ufukwe mzima ulikuwa umeinama mbele. Mchungaji alikuwa ameinama mbele. Shemeji yangu alifungua jicho moja. Kuna mama mmoja mwenye mwavuli wa njano ambaye bila shaka anaijua hiyo kanga, maana nilimwona akifumba mdomo kwa kiganja.

"Kum. Be."

Mama Dani aliinamisha kichwa.

"A. Dha. Bu."

NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Kimya. Ndege mmoja alilia huko juu. Ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini doti haijakatwa, wapendwa. Doti isiyokatwa imeandikwa mara mbili. Dani akasogeza kidole kwenye kipande cha pili, na safari hii, kwa furaha ya mtoto ambaye somo limemkaa, hakukata hata silabi moja: "NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU!"

"Amina," alisema mzee mmoja nyuma. Kwa mazoea tu.

Mama mkwe aliitazama kanga. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayemwona mtu wake asipomtarajia. Kisha macho yakateremka kwenye mlingoti, yakapita kwa mjukuu wake, yakafika tezi. Yakanikuta. Miaka kumi. Ana macho ya kahawia, kumbe.

Na hapo ndipo mtumbwi ulikuwa umebakiza kama mita nane kumfikia mchungaji. Nilikuwa na sekunde moja. Mtumishi wa Mungu au suruali. Enyi mnaocheka hapo, mngechagua nini? Niliachia kiuno, nikalishika kasia kwa mikono yote miwili, nikalikita majini upande wa kulia kwa nguvu zangu zote. Mtumbwi ulikwepa. Uliwakwepa wote, hakuna hata joho lililoguswa, na hili pia kwenye ile sauti halimo. Suruali haikukwepa. Ilishuka yote, kwa mpangilio, ikakaa kwenye vifundo vya miguu. Bukta ya bluu mbele ya kanisa. Omo ikapiga mchanga, mimi nikaendelea na safari, nyonga ikagonga ukingo, nikaingia majini kichwa chini.

Kule chini kulikuwa kuzuri. Kimya, maji ya kijani, mwanga laini. Kama isingekuwa pumzi ningebaki.

Mkono ulinishika nikatolewa juu. Ulikuwa wa mchungaji. Alikuwa amemsimamisha shemeji pembeni, mkavu bado, ananiangalia mimi kwa huruma iliyochanganyika na hesabu. Na kutoka ufukweni mzee wa kanisa aliyeshika daftari la majina, kalamu sikioni, akauliza kwa heshima kabisa:

"Mchungaji, huyu naye tumwandike?"

Watu walikuwa wamejizuia mpaka pale.

Nilivuta suruali chini ya maji, ikaja na magugu. Wakati natoka, nimejishika kiuno, mama wa mwavuli wa njano akasema, "Jamani, si huyu mkwe wa mama shemasi, yule mgonjwa wa tumbo tuliyemwombea asubuhi?" Mwingine akajibu, "Ndiye. Na ameweza kutembea." Wakapiga makofi. Sijui kama yalikuwa ya kejeli. Nadhani wengine walimaanisha.

Hapo matete yakafunguka akatoka Msemaji, shati limechomekwa, nywele amezilaza kwa mkono, anasema, "Bwana asifiwe, wapendwa, nilikuwa napita." Wakampa sahani ya kwanza.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Shemeji alibatizwa, mara moja, vizuri. Mashemasi walisaidia kuuvuta mtumbwi. Kanga ilifunguliwa kutoka kwenye foromali na vijana wanne, wakaikunja bila kuisoma, na jinsi walivyojitahidi kutoisoma ilikuwa mbaya kuliko kusoma. Nilikula wali nikiwa nimevikwa taulo lililoandaliwa kwa ajili ya shemeji. Jumatatu nilipelekwa kupima kichocho kwa amri ya mke wangu, ambaye hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonisemesha tangu Jumamosi: "Kapime kichocho." Hawakukiona, ila siku mbili ni mapema mno kukiona. Mshipi wangu bado uko kwenye foromali. Kasia lile la pili limerudi, linanuka ugali.

Kuhusu kanga yenyewe hakuna aliyeuliza kitu. Mimi ningeulizaje? Mwizi wa doti, mgonjwa wa uongo, mtu wa bukta. Lakini Jumamosi ile usiku, tuko kwa mama mkwe, nimekaa barazani natazama kandambili zangu kama kawaida, nilisikia sauti yake kutoka jikoni, hakuna aliyemwambia chochote, anaongea na sufuria:

"Mimi nilipenda rangi."

Akanyamaza. Akakoroga.

"Na maua ya korosho. Maua ya korosho yalinivutia sana."

"Ndiyo, mama," akajibu mke wangu haraka mno.

Jana jioni amemtuma shemeji na doti nyingine, badala ya ile iliyoharibika na maji na samaki. Imefungwa kwenye gazeti kama ile ya kwanza. Iko kwenye kiti kile kile. Mama Dani hajaifungua, anasema ana kazi. Mimi siigusi, nimehamia goshini. Ila gazeti limechanika kidogo kwenye kona, na tangu asubuhi Dani amepiga magoti pale chini, kichwa kakilaza upande, anachungulia.

Mpaka naandika hapa ameshafika "Mwe-nye".